Kukimbia Mzunguko wa Longonot na Kurudi Langoni Miguu Ikiwa Mizima

Mlima Longonot tunaujua wengi wetu. Mliupanda mkiwa shule ya upili, au mlienda na vijana wa kanisa, au unauona kila matatu yako inapotoka Mai Mahiu kuelekea Naivasha. Mazoea hayo ndiyo yanayomponza mkimbiaji. Mtu aliyezoea kilomita 21 za lami anasikia kwamba safari nzima ni kilomita 13.4, anaona ni kazi ya asubuhi moja, kisha akifika nusu ya pili ya ukingo anateremka akiwa ameketi, mikono imeshika majani.

Mwongozo huu nimemwandikia mtu anayekimbia tayari, anayeweza kukaa mbioni dakika 90 bila kusimama, na sasa anataka kuukimbia mlima huu wote: kupanda, kuzunguka kasoko (lile shimo kubwa la volkano juu ya mlima), kushuka. Kuna jambo moja nitalirudia mpaka likuingie. Longonot haukushindi kwa pumzi, unakushinda kwa mapaja. Kila mtu anaogopa kupanda, ilhali kinachoamua siku yako ni kushuka. Maandalizi, chakula, viatu na mwendo vyote vipangwe kwa kuangalia mteremko.

Kwanza, ujue hesabu ya mlima

Lango liko kama mita 2,150 juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo hadi ukingo wa kasoko ni kilomita 3.1. Kuzunguka ukingo ni kilomita 7.2, na njia ya kurudi ni ileile ya kilomita 3.1. Sehemu ya juu kabisa, Kilele Ngamia, iko upande wa magharibi wa ukingo, kwenye mita 2,776. Ukitoa, unapata tofauti ya mita 600 na kitu. Usidanganyike na hesabu hiyo, kwa maana ukingo haujalala bapa. Unapanda, unashuka, unapanda tena, na kila mita uliyoshuka utailipa mbele.

Hewa nayo ni nyepesi. Kila pumzi ya kileleni inakupa takriban robo tatu ya oksijeni ambayo ungepata ukiwa Mombasa. Mtu wa Nakuru, anayeishi kwenye mita 1,850 hivi, ataihisi kidogo. Anayetoka Kisumu, mita 1,130, ataihisi sana, na kulala Naivasha usiku mmoja hakumbadilishi, kwa sababu mwili huzoea mwinuko kwa wiki, si kwa saa. Akubali tu kwenda polepole zaidi. Hata hivyo alale Naivasha, maana kusafiri usiku kucha kutoka Kisumu halafu kukimbia alfajiri ni kuutesa mwili bure.

Jambo la tatu ni ardhi yenyewe. Longonot ni volkano, na inakadiriwa ililipuka mara ya mwisho miaka ya 1860. Njia yake ni ya majivu na vijiwe vyepesi vyenye matundu. Udongo wa namna hiyo haushikani. Mvua huuchimba ukawa mifereji, na kuna mahali mfereji una kina cha kumfika mtu mabegani na upana wa kupitisha mguu mmoja tu kwa wakati. Kiangazi, juu ya ganda gumu hubaki vijiwe vinavyobingirika chini ya kiatu kama gololi. Kwenye lami hujawahi kukutana na kitu cha aina hiyo, hata kama kasi yako ni ya kusifiwa.

Pili, wiki nane za kuandaa mapaja

Ukishuka, misuli ya mbele ya paja hufanya kazi huku ikirefuka. Kila mguu unapotua, misuli inazuia uzito wako wote usiporomoke, na nyuzi zake huchanika kidogo kidogo. Ndiyo sababu maumivu hayaji siku ileile. Huja kesho yake na kuzidi keshokutwa. Habari njema ni kwamba mwili hujifunza haraka. Ukiupitisha kwenye miteremko mikali mara chache, unajijengea kinga inayodumu wiki kadhaa. Kinga hiyo haipatikani kwa kukimbia tambarare, hata ukimaliza kilomita mia kwa wiki.

Tafuta mlima karibu na kwako. Nakuru una barabara ya kupanda Menengai, na hakuna sababu ya kutafuta kingine. Kisumu kuna Riat. Watu wa Vihiga wana milima ya Maragoli, wa Kakamega wana kilima cha Lirhanda ndani ya msitu, wa Webuye wana Chetambe. Mara moja kwa wiki nenda hapo. Wiki mbili za mwanzo panda kwa bidii dakika nne au tano, shuka kwa upole, rudia mara tano. Kuanzia wiki ya tatu geuza: panda kwa kutembea haraka, kisha shuka kwa kukimbia ukiwa makini. Anza na miteremko minne, ongeza mmoja kila wiki.

Siku nyingine fanya mbio ndefu ya dakika 90 hadi 120 kwenye barabara ya changarawe au njia ya mashambani. Usihesabu kilomita, hesabu muda. Siku zinazobaki kimbia mwepesi kama ulivyozoea.

Mazoezi ya nyumbani hayahitaji jimu. Simama kwenye ngazi, teremsha kisigino cha mguu mmoja hadi sakafuni ukihesabu hadi tatu, inuka, mara kumi na mbili kila mguu. Inuka kwa vidole vya mguu mmoja mara kumi na tano ili vigimbi vipate nguvu. Ukipiga mswaki, simama kwa mguu mmoja, na ukishazoea funga macho. Zoezi hili la mswaki linaonekana la kitoto, lakini ndilo linalofundisha kifundo cha mguu kujirekebisha chenyewe kabla hujajua umekanyaga vibaya.

Mteremko mkali wa mwisho uwe siku 10 hadi 14 kabla ya Longonot. Baada ya hapo punguza, ufike langoni miguu ikiwa imepona.

Tatu, chagua siku

Januari na Februari njia ni kavu na vumbi ni jingi. Juni hadi Septemba kuna baridi asubuhi, hasa Julai, na mimi ndiyo miezi ninayoipenda, kwa kuwa jua halichomi mapema. Machi hadi Mei ni mvua za masika. Oktoba hadi Desemba ni za vuli. Wakati wa mvua kubwa usiende. Majivu yaliyolowa huteleza, mifereji hupitisha maji, na radi juu ya ukingo mwembamba usio na pa kujificha si jambo la kubahatisha. Barabara pia ifikirie: mafuriko ya Mai Mahiu ya Aprili 2024 yaliondoa roho za watu wengi waliokuwa wamelala nyumbani kwao. Maji ya Bonde la Ufa hushuka kwa ghafla kutoka mahali usipopaona.

Ukiweza, nenda siku ya kazi. Jumamosi na Jumapili mlima hujaa wanafunzi, makundi ya makanisa na familia, nao wana haki ya njia sawa na wewe.

Nne, unachovaa na unachobeba

Viatu viwe vya meno, vyenye nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya dole kubwa. Ukishuka, mguu husukumwa mbele, na kiatu kinachobana kitakung'oa kucha. Kata kucha siku mbili kabla, si asubuhi ile. Soksi ziwe ndefu za kupita kifundo ili majivu yasiingie. Punje chache ndani ya soksi zinatosha kuzaa malengelenge kabla hujamaliza ukingo.

Maji: mlimani hakuna kisima, bomba wala kijito cha kutegemea. Beba lita moja na nusu, mbili kama ni kiangazi. Ujue pia kwamba tangu Juni 5, 2020, plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika mbuga za taifa za Kenya, kwa hiyo chupa ya dukani haitaruhusiwa kupita langoni. Tumia chupa ya kudumu au mfuko wa maji unaokaa ndani ya kibegi cha mgongoni. Kibegi kifungwe kifuani kisirukeruke. Changanya pakiti ya ORS, ule unga wa kurudisha maji na chumvi mwilini, kutoka duka la dawa katika sehemu ya maji yako. Kunywa ukisikia kiu, wala usijilazimishe kumaliza maji yote, kwa sababu maji mengi bila chumvi yana hatari yake.

Chakula: mwili unahitaji gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Ndizi mbivu moja ya wastani ina karibu gramu 25. Ndizi mbili, viazi vitamu viwili vidogo vilivyochemshwa na tende chache vitakutosha, kwa bei ndogo sana kuliko vile vijipakiti vya utamu vinavyouzwa kwa wakimbiaji. Kiazi kikatwe vipande nyumbani. Kumenya kiazi kwenye upepo wa ukingo ni kazi.

Ongeza kofia, miwani ya jua, mafuta ya kukinga jua, koti jepesi la upepo, leso ya kufunika pua wakati wa vumbi, filimbi, bendeji ya kuvutika, simu yenye chaji. Mwenye pumu asiache dawa yake ya kuvuta. Vumbi la Longonot haliijali historia yako ya mbio. Fimbo za kukwelea milima mimi nashauri uziache. Kwenye mifereji utahitaji mikono yote miwili iwe huru, na kwenye ukingo wenye watu fimbo huwa kero kwa wanaopishana nawe.

Tano, langoni

Malipo ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori hufanywa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, si kwa noti. Lipa usiku uliotangulia ukiwa na mtandao mzuri, hifadhi risiti kwenye simu, na usisahau kitambulisho. Lango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Uwe hapo wakati huo. Kula saa mbili hadi tatu kabla ya kuanza mbio: chai, mkate, au uji mzito. Hapana mayai na mafuta mengi.

Kutoka Nakuru chukua matatu hadi Naivasha, kisha ya kwenda Mai Mahiu, ushukie kituo cha Longonot, halafu bodaboda ikufikishe langoni. Ila matatu za alfajiri hazina uhakika wa kukuwahisha, kwa hiyo anayetaka kuanza saa kumi na mbili ni afadhali alale Naivasha au apatane na mwenye gari.

Zungumza na askari kabla hujaanza, hata kama unaujua mlima kama kwenu. "Habari ya asubuhi, afande. Sisi tunaenda mzunguko wote kwa kukimbia, tutarudi kufikia saa tatu na nusu. Nyati wamekaa upande gani leo?" Maneno hayo yana kazi mbili. Anakupa habari ya asubuhi hiyo ambayo hakuna ramani inayo, na kuna mtu anayejua mko wangapi na mnatarajiwa saa ngapi. Usiende peke yako. Wawili ni wachache, watatu wanafaa: mmoja akiumia, wa pili anakaa naye na wa tatu anashuka kuita msaada.

Sita, kilomita 3.1 za kupanda

Kilomita ya kwanza ina mwinuko mdogo, njia ni pana, na pande zote ni vichaka vya leleshwa na migunga. Hapa ndipo wengi wanapoharibu siku. Miguu ni mipya, hewa ni baridi, mtu anaondoka kwa kasi ya mbio za kilomita kumi. Zuia. Kipimo ni mdomo: uweze kumwambia mwenzako sentensi nzima bila kuikata katikati. Ukishindwa, punguza, hata kama unakimbia polepole kuliko unavyopenda kuonekana.

Mwinuko ukikaza, tembea. Hilo ni ufundi wa mbio za milimani, na mabingwa wake hufanya hivyohivyo. Mlima ukizidi nyuzi 15 hivi, kutembea kwa haraka kunatumia nguvu chache kuliko kukimbia kwa kasi ileile. Inama kidogo kutoka kiunoni, weka viganja juu ya magoti, sukuma paja kwa mkono kila hatua. Hatua ziwe fupi. Kanyaga kwa wayo mzima pale ardhi inaporuhusu, kwa sababu kupanda kwa vidole peke yake kunachosha vigimbi kabla ya wakati. Pale njia inapobaki vumbi tupu, tafuta jiwe lililozama au mzizi ukanyage hapo.

Ukingoni simama dakika mbili au tatu. Kula nusu ya ndizi, kunywa, tazama. Chini ya kasoko kuna msitu uliofunga, na kwenye kuta utaona moshi mweupe ukitoka kwenye nyufa: ni mvuke wa joto la ardhini, ule ule unaozalisha umeme kule Olkaria.

Hapa pia ndipo pa kuamua. Kama kichwa kinauma, kama mmoja wenu ana kizunguzungu, kama ukungu umefunika ukingo au upepo unakuyumbisha, geukeni mshuke. Kilomita 6.2 za kupanda na kushuka Longonot ni mazoezi kamili, na baada ya hapa hakuna njia ya mkato. Ukishafika upande wa pili wa kasoko, kurudi na kuendelea ni umbali uleule.

Saba, kulia au kushoto?

Ukikimbia mzunguko huu kwa mara ya kwanza, shika kulia. Kulia kunakupeleka Kilele Ngamia mapema, ukiwa bado na nguvu za kukwea, kisha sehemu kubwa ya ukingo unaobaki unaelekea chini. Ukishika kushoto, unafika chini ya kilele umechoka, unakikwea kwa shida, halafu mteremko mkali wa kutoka kileleni unakukuta mapaja yameisha. Kuna wakimbiaji wanaopenda kushoto kwa sababu wanapata mwendo mrefu wa kupandashuka kabla ya kilele. Hao ni watu wanaoujua mlima hatua kwa hatua.

Kutoka njia panda, pale ulipoufikia ukingo, kwenda kileleni usitazame saa. Kuna vipande vya kukimbia, navyo kimbia kwa upole, na kuna vipande vya kukwea kwa mikono. Ndani ya mifereji weka mguu mmoja mbele ya mwingine na uguse kuta kwa viganja. Usipande juu ya kingo za mfereji ili kuukwepa: zinamomonyoka, na kila mtu anayezikanyaga anapanua kidonda cha mlima.

Kileleni utaona Ziwa Naivasha upande wa kaskazini-magharibi, mvuke wa Olkaria, Mlima Suswa kusini, na ukuta wa Kinangop mashariki na safu ya Nyandarua nyuma yake. Furahi. Kisha fanya mambo matatu kabla hujaondoka. Kula, hata kama huna hamu. Kunywa. Na funga kamba za viatu upya: pitisha kamba kwenye tundu la mwisho kabisa, lile ambalo wengi huliacha, ukaze ili kisigino kisiinuke na vidole visigonge mbele. Kamba iliyokufaa kupanda haikufai kushuka.

Nane, kushuka

Hapa soma polepole.

Kosa la kwanza la mkimbiaji wa lami ni kuegemea nyuma. Anaogopa, anarudisha mabega nyuma, kisigino kinatangulia, kiatu kinateleza, anaketi. Mwili uwe juu ya miguu. Inamisha kifua kidogo kuelekea kule unakoshuka, magoti yakiwa yamepinda, uhisi uzito uko katikati ya wayo. Inatisha mwanzoni, lakini meno ya kiatu hushika ardhi pale tu uzito unapokuwa juu yake.

Kosa la pili ni hatua ndefu. Hatua ndefu ni kishindo kikubwa, na kila kishindo ni mchaniko mwingine wa misuli. Fupisha hatua, ongeza wepesi. Miguu iguse ardhi kwa muda mfupi, kiasi kwamba jiwe likiteleza, tayari umekwisha kuondoka juu yake. Usijaribu kusimama juu ya kijiwe kinachobingirika, kipite.

Macho yasikae kwenye vidole. Tazama mita tatu au nne mbele, uchague pa kukanyaga hatua tatu zijazo, na uiachie miguu hatua ya sasa. Mikono iachie, ipanuke, iwe mizani. Kama njia ni pana kidogo, shuka kwa kukata kona ndogondogo kulia na kushoto badala ya kwenda wima. Kasi ikizidi usifunge breki kwa mguu mmoja. Punguza kwa hatua nyingi ndogo.

Mahali ambapo ukingo ni mwembamba na kuna shimo la kasoko upande mmoja, acha kukimbia. Tembea. Hakuna muda wa kuokoa hapo unaolingana na kuanguka. Kama unataka kutazama mandhari au kupiga picha, simama kwanza, miguu yote miwili ardhini, ndipo utazame.

Nusu ya pili ya ukingo ina hila yake. Umeshapita kilele, akili inasema kazi imeisha, na vilima vidogo vinaanza kujitokeza kimoja baada ya kingine. Kila unachokimaliza kinafichua kingine. Vitembee vyote kwenda juu, hata vile vifupi. Hapa ndipo misuli huanza kukaza kwa wale waliokimbia kilomita ya kwanza kwa fahari. Ukihisi kigimbi kinarukaruka, punguza, nyoosha taratibu, kunywa maji yenye ORS, kula. Dawa za kutuliza maumivu za jamii ya ibuprofen usizimeze mbioni kamwe. Mwili ulioishiwa maji ukiongezewa dawa hizo unaumiza figo.

Ukifika tena njia panda zimebaki kilomita 3.1, na hapa ndipo utakapojua kama ulijitunza. Kipande cha juu ni kikali na wakati huu kina watu wengi wanaopanda. Shuka kwa adabu. Anayepanda ndiye mwenye njia. Mwite mapema ukiwa mbali: "Samahani dada, napita kushoto kwako," au "Pole mzee, tunaomba njia." Ukikuta watoto, tembea, mtoto huruka upande wowote. Mkipishana kwenye ukingo mwembamba wewe ndiye usimame, ukae upande wa nje wa mlima, usiwe upande wa kasoko. Na usirushe vumbi machoni pa watu kwa ajili ya sekunde kumi.

Kilomita ya mwisho, ile ya leleshwa, ni yako. Njia ni pana, mteremko ni mdogo. Kama mapaja yanaitika, achilia. Raha ya kukimbia hapo ukiwa na nguvu, jua likiwa bado dogo, siwezi kuilinganisha na mbio yoyote ya lami.

Kuhusu muda: wengi wanaotembea mzunguko wote huchukua saa nne hadi sita. Ukirudi ndani ya saa mbili na nusu mara ya kwanza, bila kuanguka, umefanya kazi nzuri sana.

Tisa, wanyama

Twiga na pundamilia watakupisha. Wa kuheshimu ni nyati, ambao hukaa miteremko ya chini na vichakani, hasa dume anayetembea peke yake. Usiweke vifaa vya muziki masikioni. Vichaka vikifunga, ongeeni kwa sauti, kwa sababu nyati aliyeshtushwa ni hatari kuliko aliyekusikia ukija. Ukimwona karibu, simama, rudi nyuma polepole bila kumpa mgongo, tafuta mti au mwamba uwe kati yenu. Kifutu naye hupenda kuota jua katikati ya njia asubuhi na hasogei haraka. Ndiyo sababu nyingine ya kutazama mita nne mbele. Kushuka ndani ya kasoko si sehemu ya mbio hii. Msitu ule una wanyama wake, na haushukwi bila askari.

Kumi, mtu akiumia

Kifundo kikiteguka, keti, funga bendeji juu ya soksi bila kuvua kiatu, kwa kuwa ukikivua hutaweza kukivaa tena. Kisha jaribu hatua nne. Ukiziweza, shuka polepole ukimshika mwenzako bega. Usipoziweza, huenda mfupa umevunjika: mfunike koti, mmoja abaki naye, mwingine ashuke langoni. Filimbi, mara tatu, kimya, mara tatu tena. Namba ya dharura ya Msalaba Mwekundu wa Kenya ni 1199. Hifadhi pia namba ya askari wa langoni, umwombe kabla hujaanza.

Akiumwa na nyoka: msikate, msinyonye, msifunge kamba. Mtulize, mguu usichezeshwe, abebwe, apelekwe hospitali.

Baada ya mbio

Tembea dakika kumi hapo langoni, usiingie garini moja kwa moja. Ndani ya saa moja kula chakula cha kweli: ugali na maharagwe, au wali na ndengu, na maziwa lala kama unayapata. Ikiwa ni Jumapili, ondoka kabla ya alasiri, maana msongamano wa jioni pale Mai Mahiu utakukazia miguu zaidi ya mlima.

Kesho yake na keshokutwa ngazi zitakuwa ngumu. Tembea, usilale kutwa. Ukiona mkojo umekuwa mweusi wa rangi ya soda ya kola, au maumivu ya mapaja yamezidi kiasi kwamba yamevimba, usingoje. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Siku ya nne kimbia dakika 30 tambarare, polepole. Wiki mbili zikipita bila maumivu unaweza kurudi mlimani, na ukishaumaliza kwa kulia bila kuketi hata mara moja kwenye mteremko, ndipo ujaribu kushoto.